Maswali ya Wasomaji: Vishikwambi vya KKK na mtoto aliyeachwa nyuma

Barua nyingi za mwezi huu zina jambo moja. Shule, kituo cha jamii au familia imepata kishikwambi cha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mara nyingi kwa msaada, na watoto wa madarasa ya chini bado hawajui kusoma. Msimamo wetu tuuseme mapema, maana utajitokeza katika kila jibu. Programu nzuri humsaidia mtoto wa familia duni akipewa muda wa kutosha kila siku, katika kiwango chake yeye na si cha darasa lake, na akiwepo mtu mzima wa kumsikiliza akisoma kwenye karatasi. Likikosekana mojawapo, kifaa kinabaki mchezo.

Nina watoto 96 na vishikwambi 8. Nifundishe Darasa la Kwanza na la Pili katika shule ya kijijini vipi, ikiwa kila mtoto anapata dakika chache tu na wengine wanagombana? Programu tuliyoletewa na mfadhili ni ya kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili.
*Mwalimu wa KKK, Muheza*

Mwalimu, tuanze na hesabu, kwani ndiyo inayoamua. Tuseme unapata dakika 90 za vishikwambi kwa siku. Vifaa 8 vinakupa dakika 720. Ukizigawa kwa watoto 96, kila mmoja anapata dakika 7 na nusu. Toa dakika 3 za kutafuta jina lake, kuvaa hedifoni na kungoja programu ifunguke, zinabaki 4 na nusu. Mtoto hamalizi hata zoezi moja, na kesho yake programu inamwanzishia zoezi lile lile. Ugomvi unatoka hapo: kila mtoto anaondolewa kabla hajapata kitu.

Gawa mwaka, usigawe siku. Chukua watoto 24, wafanye makundi 3 ya watoto 8, na kila kundi likae dakika 30 kila siku ya shule kwa wiki 9. Halafu ingiza 24 wengine. Mwaka wa masomo unabeba mizunguko 4 ya namna hiyo, na kila mtoto anamaliza mwaka akiwa na saa 22 na nusu. Kwa jumla ni saa zile zile ambazo angezipata kwa dakika 7 na nusu kila siku, ila sasa haziliwi na kufungua na kufunga. Kipimo hiki hakikubuniwa hewani. Utafiti uliofanyika Malawi kwa programu ya hisabati ya shirika la onebillion, ukachapishwa 2015 kutoka Chuo Kikuu cha Nottingham, ulitumia nusu saa kwa siku kwa wiki 8, na watoto wale waliwapita wenzao ambao hawakuitumia.

Waanze wasiojua silabi hata moja. Hao ndio wanaopoteza zaidi wakingoja, kwa sababu kila somo linalofuata limeandikwa ubaoni. Mtoto anayesoma aya vizuri hahitaji mzunguko wake wote. Nafasi yake mpe aliyebaki nyuma arudie. Wazazi waelezwe hivyo kikaoni, na ratiba ibandikwe ukutani yenye majina na tarehe, ili asiwepo wa kudhani mtoto wake kasahauliwa.

Namba za vifaa ziandikwe kwa rangi nyuma ya kila kimoja, na mtoto ashike namba ile ile kwa wiki zote 9. Programu nyingi huhifadhi maendeleo ndani ya kifaa chenyewe. Mtoto wa kifaa 3 akichukua kifaa 5 anaendeleza kazi ya mwenzake, na wote wawili wanapelekwa kiwango kisicho chao. Kosa hili halionekani kwa macho, na ndilo linaloharibu mizunguko mingi.

Kundi likae ndani, mgongo ukiwa ukutani, si barazani ambako mwanga wa jua unakifanya kioo kuwa cheusi. Watoto wawili kwa kifaa kimoja inavumilika kama wana kiwango sawa, wanabadilishana kila zoezi linapokwisha, na wote wawili wanasikia. Watatu hapana, wa tatu atakuwa mtazamaji tu. Tena usipange zamu muda wa uji. Mtoto aliyetembea kilomita 4 asubuhi bila kula hataelewa sauti ya programu wala yako.

Nimesikia kwamba mkoani Tanga watoto walijifunza kusoma kwa kishikwambi bila mwalimu. Kama ni kweli, mbona serikali isinunue vishikwambi badala ya kuajiri walimu?
*Msomaji, Temeke*

Ni kweli, na inafaa uijue habari yote. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu ambazo mtoto anajifunzia mwenyewe kusoma na kuhesabu. Programu 5 zilizofika fainali ziliwekwa kwenye vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, zikapelekwa kwa watoto takriban 2,700 katika vijiji karibu 170 vya Tanga kwa miezi 15, kwa ushirikiano na serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijijini viliwekwa vituo vya sola vya kuchajia. Mei 2019 ushindi ukagawanywa kati ya onebillion na Kitkit School, na zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa pia.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya mwisho ilipungua kwa nusu. Kwa watoto ambao hawakuwa na darasa kabisa, hayo ni mafanikio makubwa, na tunayaheshimu. Lakini geuza hesabu uisome upande wa pili. Karibu nusu ya watoto walikuwa bado hawasomi hata neno moja, ingawa programu zile zilikuwa miongoni mwa bora zilizokuwepo duniani. Hao ndio wanaohitaji mtu.

Peru inatupa funzo la upande mwingine. Huko kila mtoto wa shule za vijijini zilizochaguliwa alipewa kompyuta yake ndogo. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, uliotolewa 2012 na kuhusisha shule 319, haukuona tofauti yoyote katika alama za hisabati na lugha. Vifaa vilifika, ratiba ya kuvitumia kwa somo maalumu haikufika. Kwa hiyo jibu letu ni hapana, vishikwambi visinunuliwe kwa fedha za ajira za walimu. Vinunuliwe vimpunguzie mwalimu mzigo wa watoto 96 wenye viwango vinne tofauti.

Mjukuu wangu yuko Darasa la Pili. Kwenye kishikwambi cha kituo cha jamii anapata nyota zote, lakini nikimpa kitabu anaangalia picha na kubuni maneno. Je, programu inadanganya?
*Bibi wa Wete, Pemba*

Shikamoo Bibi. Programu haidanganyi, ila inapima kitu chepesi kuliko kusoma. Nyingi humwonyesha mtoto picha au maneno 3 na kumtaka aguse linalolingana na sauti aliyoisikia. Anayebahatisha kwenye chaguo 3 hupatia mara 1 katika kila 3. Akiruhusiwa kujaribu tena, jaribio la tatu ni lazima apatie, na nyota anapewa. Watoto ni wepesi wa kutambua mambo. Anagundua kwamba akikaa kimya kidogo kidole kinatokea kumwonyesha jibu, au kwamba jibu sahihi hutikisika. Ametumia akili kweli, lakini hajasoma.

Sababu nyingine ni picha. Neno *kuku* likitokea kila mara pembeni mwa picha ya kuku, mtoto analijua kwa sura yake kama anavyoijua nembo ya soda. Mwondolee picha, neno limekwisha. Ya tatu, uliza taratibu pale kituoni: je, ni yeye mwenyewe anayegusa, au kaka yake anamsaidia ili zamu iishe haraka?

Mpime hivi, na isizidi dakika 5. Chukua karatasi na kalamu ya wino mzito. Mstari wa kwanza andika silabi: *ma, ki, tu, be, so, nda, mbu, nye, ng'o, shi, kwa, mwe*. Mstari wa pili maneno ya kweli: *kisu, meza, shimo, nyumba, ng'ombe, kikapu*. Mstari wa tatu maneno yasiyo na maana: *gedo, mesu, nifa, luvi, ndopa, nyegu*. Mweleze kwamba mstari wa mwisho ni maneno ya kuchezea, hayapo duniani. Asome kwa sauti, wewe usimsaidie wala usikunje uso. Weka alama tu penye kosa.

Akikwama kwenye silabi za mwanzo, bado yuko mwanzo kabisa, na kiwango alichofikia kwenye programu ni cha uongo, kirudishwe chini. Akisoma *ma, ki, tu* vizuri na kukwama *nda, mbu, ng'o, mwe*, anahitaji sehemu ya konsonanti mbili na tatu pekee, na wiki mbili zinaweza kutosha. Akisoma silabi zote lakini maneno yakamshinda, hajui kuunganisha. Akisoma *kisu* na *meza* halafu *gedo* likamshinda, amekariri maneno; hajajua kusoma. Hili la mwisho ndilo linalowaficha watoto wengi mpaka Darasa la Tatu, vitabu vinapopungua picha.

Umeandika kwamba anabuni. Angalia anabuni vipi. Mtoto anayeona *kikapu* na kutamka *kiatu* amesoma silabi ya kwanza, kisha akaruka mbele na kumalizia kwa neno analolijua. Kata kipande cha boksi, funika neno lote, fungua *ki*, angoje. Fungua *ka*, aseme *kika*. Fungua *pu*, aseme *kikapu*. Maneno 10 kwa jioni yanatosha, yote ya silabi 3, yasiyo na picha. Silabi asizitamke mojamoja na kuachia hapo. Kila inayofunguliwa aishikize kwenye zilizotangulia, maana kuunganisha ndiko kunakomshinda.

Kituoni waombe mambo mawili. Kama programu ina mahali pa mwalimu pa kumrudisha mtoto nyuma, wamrudishe kwenye silabi zilizomshinda. Kama haina, wamfungulie jina jipya aanze upya; si aibu, na sehemu anazozijua atazipita kwa siku chache. Pia aandike. Kuburuza kidole juu ya kioo hakumfundishi kushika penseli wala kuandika juu ya mstari. Baada ya kila kipindi, silabi 5 za siku hiyo aziandike kwenye daftari. Anayechanganya *b* na *d* hapo ndipo utamjua.

Rudia kipimo kila baada ya wiki 2 kwa maneno mengine, na zitunze karatasi zake. Hizo zinasema ukweli zaidi ya nyota.

Mwanangu yuko Gredi ya 2. Nilimwekea programu ya bure ya ABC kwenye simu yangu. Sasa akiona *kiti* kwenye kitabu cha Kiswahili anasoma *kaiti*. Simu ni hiyo moja, ndiyo ya biashara na ya M-Pesa, na bando nanunua kidogo kidogo. Nifanye nini?
*Mama wa Kawangware, Nairobi*

Mama, mtoto anafanya hasa alichofundishwa. Programu ya Kiingereza inaita *a* «ei», *e* «ii» na *i* «ai». Kiswahili kina irabu 5 na kila moja ina sauti moja tu, siku zote. Mbaya zaidi ni kwamba jina la *e* kwa Kiingereza ndiyo sauti ya *i* kwa Kiswahili, basi mtoto anabeba mifumo miwili inayogongana kwenye herufi zile zile. Atavitofautisha baadaye. Kwa sasa ifute programu hiyo kwa muhula mmoja. Kiingereza anakipata shuleni. Nyumbani mwachie Kiswahili kikomae kwanza, kwa kuwa ndicho kinachomwezesha kusoma neno lolote punde tu anapojua silabi.

Kabla ya kumpa programu mpya, ijaribu mwenyewe kwa dakika 10. Gusa *m*: ikisema «em», iache, ikisema *mmm* au *ma*, endelea. Washa hali ya ndegeni kisha ifungue upya: ikikataa kufunguka, itakula bando kila siku. Kosea makusudi mara 4 mfululizo: iliyotengenezwa vizuri itakurudisha kwenye zoezi rahisi zaidi, mbovu itakusukuma mbele. Na tangazo lolote likitokea, ifute bila kufikiri mara mbili. Tangazo linamtoa mtoto kwenye somo, linakula bando, na siku moja litamfungulia ukurasa usiotaka auone.

Hadithi za kusoma zipo bure. African Storybook ina hadithi nyingi fupi za Kiswahili zenye leseni huria, zilizopangwa kwa ngazi, na unaweza kuzipakua ukazisoma bila intaneti. Chagua ngazi ya kwanza, yenye sentensi moja kwa kila ukurasa, hata kama mtoto ni wa Gredi ya 2. Siku ukipata Wi-Fi ya bure pakua 15 kwa mpigo, zitawatosha mwezi. Ukiwa na runinga, vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me kutoka Dar es Salaam vinasaidia hesabu na msamiati, ila visihesabiwe kuwa muda wa kusoma, kwa sababu mtoto anatazama tu, hasomi mwenyewe.

Simu yako ilinde. Kwenye Mipangilio, sehemu ya Usalama, kuna kipengele cha kubandika programu. Ukikiwasha na kudai namba ya siri wakati wa kubandua, mtoto hawezi kutoka kwenye programu kuingia kwenye ujumbe wala pesa zako. Hali ya ndegeni iwe imewashwa muda wote anapocheza, basi panga dakika 20 baada ya kufunga biashara, siku 5 kwa wiki. Dakika 20 za kila siku zina faida kuliko saa 2 za Jumamosi.

Watoto wa huku wanazungumza Kisukuma nyumbani. Kwenye programu wanachanganya *l* na *r*, na ile inayosikiliza sauti inawakosoa kila mara mpaka wanakata tamaa. Je, Kiswahili cha programu kinawafaa?
*Mwalimu wa kujitolea, Bariadi*

Kinawafaa, lakini si peke yake. Mtoto wa Kisukuma anayesoma *kura* na kutamka *kula* amesoma sawasawa; ulimi wake haujazoea *r*. Kumkosoa hapo ni kumwambia hajui kusoma wakati anajua. Kama kipengele cha kusikiliza kinaweza kuzimwa, kizime kwa wiki za mwanzo. Tofauti ya *l* na *r* ifundishe kwa sikio kabla ya mdomo. Sema neno, wao wanyooshe mkono mmoja wakisikia *l*, miwili wakisikia *r*: *kula, kura, mbali, mara*. Dakika 3 kwa siku.

Tatizo kubwa zaidi ni maana. Programu inamwonyesha picha ya *birika* na kutamka «birika», naye anaweza kulisoma neno vizuri bila kujua ni kitu gani. Kabla ya kila kipindi tazama maneno ya somo la siku, kwa kawaida hayazidi 8 hadi 10, na uyazungumze nao kwa dakika 10. Onyesha kitu chenyewe kikiwepo, litaje kwa Kisukuma, litaje kwa Kiswahili, kisha kila mtoto alitumie katika sentensi fupi. Ukiruka hatua hii utapata watoto wanaosoma kwa kasi na kushindwa swali la kwanza la ufahamu. Jambo hili huwakuta pia watoto wa Kimaasai, wa Kihaya na wengine wengi, si wa kwenu tu.

Hedifoni zinakatika kila wiki. Je, tunaweza kutumia spika tu?
*Mwalimu mkuu, Kilwa*

Kwa kifaa kimoja, ndiyo. Kwa vinane katika chumba kimoja, hapana: mtoto hawezi kutofautisha *ba* na *mba* huku wenzake wanapiga kelele za *ta* na *sa*. Nunua hedifoni za waya zinazofunika sikio. Zile za kuingiza sikioni zinaeneza uchafu na magonjwa ya masikio. Waya mara nyingi hukatikia pale unapoingia kwenye pini. Uzungushie utepe wa umeme sentimita 5 kuanzia kwenye pini, kisha ufunge kwenye kava la kishikwambi kwa uzi, ili mtoto akivuta, uzi ubebe nguvu badala ya tundu. Tundu likilegea, fundi anataka pesa nyingi kuliko hedifoni mpya tatu. Sponji zifutwe kwa spiriti kila kundi linapobadilika.

Tuna vishikwambi 20 na shule haina umeme. Fundi mmoja anasema tununue paneli ya wati 50 na inverta. Je, inatosha?
*Mjumbe wa kamati ya shule, Kakonko*

Haitoshi, na inverta huihitaji. Kishikwambi chenye betri ya 5,000 mAh kinabeba takriban Wh 18.5 (Wh ni wati-saa, yaani wati mara saa za matumizi). Kikitumika dakika 90 kwa siku, intaneti ikiwa imezimwa na mwanga wa kioo ukiwa nusu, kinatumia kama Wh 7. Kwa vifaa 20 ni Wh 140. Ongeza kinachopotea kwenye waya na chaja, na akiba ya siku ambayo kundi la ziada litavitumia, ufike Wh 250 kwa siku.

Paneli ya wati 50 ikipata saa 5 za jua kali, na ukitoa robo inayopotea, inakupa Wh 187 siku nzuri, na nusu ya hapo siku ya mawingu. Nunua ya wati 150. Siku nzuri itatoa zaidi ya Wh 500, na siku ya mvua bado utapata karibu 250. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 50 inashika Wh 600, lakini usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa ndani ya mwaka. Chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli na betri) ya ampea 20 ikate mzigo kwenye volti 11.8. Inaweza kuja imewekwa chini zaidi ya hapo. Mwambie fundi aibadilishe mbele yako.

Vishikwambi vichajiwe moja kwa moja kutoka volti 12 kwa chaja za USB kama za gari. Inverta inageuza umeme kwenda volti 230, kisha chaja inaurudisha volti 5, na kila mgeuzo unakula sehemu yake. Nayo hula hata ikiwa haina kazi. Chaji 10 kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa wati 10. Hiyo ni wati 100, ampea kama 8 hadi 9. Vyote 20 kwa pamoja ni ampea 17, na waya ukiwa mwembamba utachemka. Kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri tumia waya wa milimita 4 za mraba, usizidi mita 10, na fyuzi ya ampea 15 iwe karibu na betri.

Chaji mchana, saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, jua likiwa juu, ili umeme uende kwenye vifaa bila kupitia sana kwenye betri. Kabati la kuchajia liwe na matundu na lisikae chini ya bati tupu. Joto ndilo linalovimbisha betri za vishikwambi. Kimoja kikianza kuinua kioo chake, kiondoe siku hiyo hiyo, usikichaji tena.

Nilipewa kishikwambi baada ya Sensa ya 2022. Watoto wangu wa Darasa la Kwanza ni 60. Kimoja kinaweza kufanya nini?
*Mwalimu, Nachingwea*

Usikizungushe kwa watoto 60, Mwalimu. Kifanye chombo chako. Pakua hadithi fupi 10, andika kila siku moja ubaoni kwa herufi kubwa, isomwe na wote, kisha safu moja moja, kisha watoto 5 peke yao. Kama huna uhakika na matamshi ya *gh, dh* na *th*, sikiliza rekodi kabla ya kipindi. Na kitumie kutunza kumbukumbu: jedwali la majina 60, safu za silabi, maneno, aya na hadithi, tarehe ya kila kipimo. Ukisikiliza watoto 6 kwa siku, darasa zima limepimwa kila baada ya wiki 2.

Shule inafungwa Desemba. Vishikwambi tuvihifadhi vipi?
*Mlinzi wa vifaa, Lushoto*

Viache vikiwa na chaji ya asilimia 50 hadi 60, vizimwe kabisa, chaja zichomolewe. Betri ikilala mwezi mzima ikiwa sifuri, vingine havitawaka Januari. Maendeleo ya watoto yanakiliwe kwanza kwenye memori kadi au kompyuta ya ofisi. Masasisho ya moja kwa moja yazimwe, kwa sababu toleo jipya linaweza kufuta majina yote siku kifaa kikikutana na Wi-Fi. Katikati ya likizo vifungue mara moja, viongeze chaji, vifunge tena.